Hegel wa Mkono wa Pili

Akitokea Mzungu leo akatangaza kwamba ameandika tasnifu ya uzamili juu ya mashairi ya Muyaka, halafu ikajulikana kwamba hajui Kiswahili, ameyasoma yote kwa Kiingereza, darasa zima tungemcheka. Wahadhiri wetu wangekuwa wa kwanza. Sasa waulizeni wenzetu wanaojiandaa kuandika uzamili juu ya Kant, Hegel au Heidegger: mnawasoma kwa lugha gani? Hapo sauti hushuka.

Sisi wa Burundi na Kongo tuna kisingizio chetu, Kifaransa. Kwa wanafalsafa wa Kifaransa sina neno. Aliyesomeshwa kwa lugha hiyo tangu shuleni anaweza kumfungua Bergson au Foucault mwenyewe, bila mkalimani. (Descartes ni nusu tu: *Méditations* aliziandika kwanza kwa Kilatini, mwaka 1641.) Lakini Kifaransa hicho hicho kinatulevya. Tunadhani ufunguo wa nyumba moja unafungua na ya jirani.

Chukueni sura ya Hegel inayotajwa kuliko zote barani kwetu, katika *Phänomenologie des Geistes* ya 1807. Kwa Kifaransa tumezoea kusoma "maître" na "esclave", na kwa Kiswahili tunasema bwana na mtumwa. Lakini Hegel hakuandika *Sklave*, ingawa neno hilo Kijerumani kinalo. Aliandika *Knecht*: mtumishi, mtu wa kazi za shamba. Nani kati yetu hajui umbali uliopo kati ya mtumwa na mtumishi? Labda mfasiri ana hoja, maana katika sura hiyo anayeshindwa ni yule aliyeogopa kufa, na huo kweli unanukia utumwa. Ila hoja hiyo huwezi kuipima kama hujui kwamba kuna mtu alichagua kwa niaba yako. Fanon, mwaka 1952, alibishana na Hegel akiwa na tafsiri ya Jean Hyppolite mkononi. Ubishi ule naupenda sana. Anayetaka kuuandikia tasnifu lazima ajue ni nani anayejibiwa, Hegel au Hyppolite.

Wanaokimbilia Kiingereza hawajaokoka. Kitabu hicho hicho kwa Baillie, 1910, kilikuwa cha akili; kwa Miller, 1977, kikawa cha roho. Chagua dini yako.

Wapo wanaosema Kijerumani ni lugha ya waliotutawala hadi 1916. Kweli kabisa. Lakini wao mwaka 1887 walifungua Berlin seminari ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo. Walijua kwamba kumtawala mtu kunahitaji kumsikia. Sisi tunataka kuwakosoa, kazi ngumu zaidi, bila kujua hata *der*, *die*, *das*.

Hoja ya fedha naiheshimu. Anayeomba viza ya kwenda kusoma Ujerumani bila mfadhili huambiwa aonyeshe karibu euro 12,000 za mwaka mmoja zikiwa benki. Kwa familia zetu hiyo ni hadithi. Lakini kumsoma Hegel hakuhitaji viza. Vitabu vya Kant na Hegel havina hakimiliki tena, vinapatikana bure kwenye intaneti. Na kusoma si kuzungumza: hatuhitaji kuagiza kahawa kwa Kijerumani, tunahitaji kufuata sentensi ndefu hadi kitenzi chake kilichofichwa mwishoni. Sisi tuliokwisha kubeba Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kichwani tusijifanye kwamba lugha ya nne itatuua.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri jambo moja. Wekeni Kijerumani cha kusoma katika mwaka wa pili na wa tatu wa shahada ya kwanza, kwa kila anayekusudia kwenda uzamili kwa Wajerumani. Kama haiwezekani, basi tasnifu zibadilishwe majina. Ziitwe "Hegel katika tafsiri ya Kifaransa", na jina la mfasiri liandikwe kwenye jalada, kwa herufi kubwa sawa na la Hegel.