Kahawa Bora Ibaki Pia Nyumbani, Sanaa Tuitazame Tukipita

Msomaji mwenzangu, nina ombi. Katika safari yako ijayo, iwe ya arusi, ya msiba au ya kupeleka watoto kwa bibi yao, tenga nusu siku uitazame kazi ya wasanii wa huko unakopita. Na ukirudi, rudi na kilo moja ya buni nzuri, uinywe na watu wa nyumbani kwako. Unaweza kuona ni maombi mawili, lakini mimi nayaona ni shauri moja. Vitu vizuri vinavyotoka mikononi mwa Watanzania huwafikia watu wa mbali kabla havijatufikia wenyewe, na hilo tunaweza kulibadilisha kuanzia jikoni na kituo cha basi.

Nianze na kahawa. Zaidi ya tisa ya kumi ya kahawa inayovunwa Tanzania huuzwa nje. Fedha hizo tunazihitaji, wala siombi mnada ufungwe. Ninachoomba ni hiki kidogo kinachobaki kiwe kizuri, na kiongezeke. Nimekaribishwa katika nyumba za wakulima ambako mibuni iko hatua chache kutoka mlangoni, chini ya kivuli cha migomba, na mezani likaletwa kopo la kahawa ya kukoroga. Mwenyeji anajua kupogoa, anajua kupambana na chulebuni na kutu ya majani, anajua tunda lipi limeiva na lipi liachwe hadi juma lijalo. Ladha ya kazi yake mwenyewe haijui. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikuta.

Linaniuma zaidi nikikumbuka zao hili lilivyopiganiwa. Kilimanjaro ililipokea kupitia misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi wa Kizungu hawakupenda Mwafrika alime kahawa kando ya mashamba yao, na wakashinikiza azuiwe. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Kahawa ikalipa ada za shule na kujenga nyumba za bati. Haki ya kuilima iligombewa kwa jasho na barua nyingi kwa wakubwa wa serikali. Haki ya kuinywa hakuna aliyetunyima, ila hatukuitumia.

Kagera wana historia tofauti, na ya zamani zaidi. Wahaya walikuwa na kahawa yao ya robusta kabla mmishonari yeyote hajafika. Matunda huchemshwa pamoja na majani ya kienyeji yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha hutafunwa. Mgeni akiingia, hupewa kahawa ya kutafuna kabla mazungumzo hayajaanza. Watu wawili waliofunga undugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja yake ikiwa imepakwa damu ya mwenzake. Asitokee mtu akatuambia kwamba kahawa ni desturi ya kigeni.

Na Pwani tuna kijiwe. Dele juu ya makaa, vikombe vidogo vinavyogonganishwa ili mtaa usikie, kashata pembeni, siasa na mpira hadi saa nne usiku. Nakiheshimu sana kijiwe, lakini nina mambo mawili ya kusema juu yake. Buni inayotumika mara nyingi imekaangwa hadi ikawa makaa, na uchungu wa kuungua hufunika kila kitu kingine. Pili, kijiwe kwa sehemu kubwa ni cha wanaume. Kahawa nzuri ikiingia nyumbani, mama na dada wanaipata bila kuomba nafasi kwenye benchi la mtu.

Kahawa hiyo nzuri ni ipi, basi? Wafanyabiashara wana kipimo chao: waonjaji waliofunzwa huionja na kuipa alama kati ya 100, na inayofikisha 80 au zaidi huitwa kahawa maalumu. Alama hizo huanzia shambani. Lichumwe tunda jekundu peke yake, kwa mkono, na limenywe siku hiyohiyo. Punje zichachuke kwa muda wake, zioshwe, zianikwe juu ya vichanja, zigeuzwe mara kwa mara na kufunikwa jua likiwa kali. Kule juu milimani, Kilimanjaro, Mbinga au Mbozi, baridi huchelewesha tunda kuiva, na utamu hupata muda wa kujengeka ndani ya punje. Ukionja arabika ya namna hiyo bila sukari utakuta uchachu laini wa matunda, na utamu unaobaki mdomoni. Wengi huonja mara ya kwanza wakauliza kimewekwa nini ndani. Hakijawekwa kitu.

Huhitaji mashine ya bei kubwa, na hapa naomba uniamini. Ukinunua iliyokwisha kukaangwa, nunua punje nzima, wala si unga, na utafute pakiti inayotaja mahali kahawa ilikotoka na tarehe ilipokaangwa. Tarehe isipokuwepo, muulize muuzaji. Akiulizwa na watu wengi ataanza kuiandika. Ukitaka kukaanga mwenyewe, chukua kaango zito na moto wa wastani, ukoroge bila kupumzika. Punje zitatoka kijani kuwa manjano, kisha kahawia, na baada ya dakika kumi hivi utasikia zinapasuka. Milio hiyo ikianza kutulia, epua. Usingoje ziwe nyeusi na kutoa mafuta. Zimwage kwenye ungo, uzipepete zipoe haraka na maganda membamba yaruke, kisha ziache zipumzike siku moja au mbili kwenye chombo chenye kifuniko. Zitumie ndani ya mwezi.

Saga kiasi cha siku hiyo tu. Kinu na mchi vinafaa kabisa, ilimradi usitwange hadi vumbi. Unga ukwaruze vidole kama mchanga wa ufukweni. Kipimo ni gramu 60 kwa lita ya maji, yaani vijiko vitatu vya chakula kwa kikombe kikubwa cha robo lita. Maji yakichemka, yaepue, yaache nusu dakika, kisha mimina juu ya unga na ufunike. Baada ya dakika nne koroga utando wa juu, subiri unga uzame, mimina taratibu kupitia chujio la chai. Onja kwanza bila sukari. Ukitaka tangawizi au iliki baadaye, karibu, ni mapishi yetu, lakini mpe mkulima nafasi ya kusikika kwanza.

Sasa safari. Ukipanda basi kutoka Dodoma kwenda Arusha utapita Kolo, wilaya ya Kondoa. Abiria wengi hapo wamelala au wanatazama simu. Juu ya miinuko iliyo karibu kuna michoro ya miambani iliyoingizwa mwaka 2006 katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na mapango na vibanda vya mawe vyenye michoro ni zaidi ya 150. Utaona watu wembamba, warefu, waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine na vichwa vilivyopambwa, pamoja na twiga, tembo na pofu. Kwa wenyeji mapango hayo si maonyesho tu. Baadhi yao wameendelea kuyatumia kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Ofisi ya Mambo ya Kale ipo hapo Kolo na waongozaji wapo. Ukifika, usiguse ukuta, wala usiruhusu mtu amwagie mchoro maji ili rangi ikolee kwenye picha ya simu. Michoro imekwisha kuharibiwa kwa njia hiyo.

Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Picha zikauzwa kwa wageni pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka michache tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika palepale. Leo jina lake linajulikana Japani na Skandinavia. Niambie, msomaji, ni nyumba ngapi za mtaani kwako zenye picha ya Tingatinga ukutani? Mara nyingi nimekuta kalenda ya benki na bango la maporomoko ya maji ya nchi nisiyoijua.

Jijini humohumo, Mwenge, kuna wachonga vinyago. Kaa uone Mmakonde anavyotoa kwenye gogo moja watu wengi walioshikana na kupandana, kazi wanayoiita ujamaa, au shetani mwenye macho yasiyolingana. Mpingo huchukua miongo mingi kufaa kuchongwa, kwa hiyo wapo wanaopaka mti mwingine kiwi wakauita mpingo. Pima kwa mkono: mpingo ni mzito, na kipande chake huzama majini. Usipunguze bei hadi fundi ajute kukufahamu. Mwanza, ukielekea Musoma, shuka Kisesa uone makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Zanzibar wengi wanakujua, ila hata huko simama mbele ya mlango mmoja wa Mji Mkongwe hadi uyaone maua yake yote.

Yupo mtu mmoja anayeyaunganisha haya yote. Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, katikati ya migomba na mibuni, akasoma Makerere na London, na baada ya uhuru akaiwakilisha nchi yetu huko London. Alichora watu wa mlimani: shamba, mavuno, sherehe. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika Museum of Modern Art, New York. Mtoto wa Machame anayeuliza picha hiyo ikoje anastahili kujibiwa na mwalimu wake. Walimu, libandikeni jina la Ntiro ukutani mwa darasa.

Naomba pia wenye hoteli za Moshi, Bukoba na Mbeya: mgeni akiagiza kahawa, mpeni ya wilaya yenu, na mwambieni inatoka kijiji gani. Wakuu wa ofisi za umma, kikao kinachojadili kilimo kisinyweshwe unga wa kopo kutoka nje. Viongozi wa vyama vya msingi, tengeni magunia machache mkaange wenyewe, muwauzie wanachama na wasafiri stendi. Wenye mabasi ya kaskazini, jaribuni safari moja kwa mwezi itakayosimama Kolo, mtangaze mapema, na muone kama viti vitabaki.

Na wewe, ukinunua picha au kinyago, muulize aliyekitengeneza jina lake na kijiji chake, uviandike nyuma ya kazi hiyo. Ukinunua buni, uliza ilivunwa wapi na ilikaangwa lini. Anza na safari ijayo, hata kama ni ya siku mbili tu.