Chanjo moja, kinga ya homa mbili za ini

Kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe, ulizaliwa mwaka gani? Swali hili si la udaku. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwaka 2001. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata kabisa. Na bila kinga ya B, huna kinga ya D.

Virusi vya D ni kama makanga asiye na matatu: bila B, haviendi popote. Unaweza kuambukizwa vyote kwa mpigo, au D ikukute tayari unaishi na B. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana ini huharibika haraka na saratani hunyemelea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba karibu watu 5 kati ya kila 100 wanaoishi na B wana D pia.

Inaeneaje? Kwa damu na majimaji ya mwili: kuchangia sindano au wembe, ngono bila kondomu, kuchorwa tatuu kwa vifaa vichafu. Huipati kwa kusalimiana, kula sahani moja wala kubanana kwenye feri. Basi usimtenge mgonjwa.

Tena usidhani haya ni ya "mateja" peke yao. Kweli, wanaojidunga wako hatarini zaidi, ndiyo maana huduma kama kliniki ya methadone ya Kisauni zifaa kulindwa. Lakini virusi vya B hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Wembe wa kinyozi uliotumika jana bado ni hatari leo.

Tiba je? Dawa ya bulevirtide iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020, ila bei yake ni moto. Dawa za B nazo haziiondoi D. Kwetu, kinga ndiyo mpango: kwa kawaida mtu mzima huchanjwa dozi 3 ndani ya miezi 6.

Kaunti nayo isikae kando. Kipimo na chanjo ya B vifike zahanati za mitaani, kwa bei ambayo mtu wa bodaboda anaimudu.

Wewe, wiki hii nenda ukapimwe B. Ukiwa huna, anza chanjo. Ukiwa nayo, muulize daktari kuhusu kipimo cha D.