KIFAFA KISICHOTIKISA MWILI

Tangu zamani watu wetu wamekijua kifafa kwa alama moja: mtu huanguka, mwili hutikisika na povu hutoka kinywani. Mtikisiko ukikoma, jamaa hushukuru na kusema ugonjwa umemwachia. Leo twataka kuwaeleza wananchi kwamba alama hiyo haitoshi. Kipo kifafa kisichotikisa mwili. Chaweza kuusumbua ubongo kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, huku mgonjwa amelala kimya, au ameketi akikodoa macho na kujibu yasiyoulizwa.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 2000 matabibu wa Richmond, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 236 waliopoteza fahamu bila kuonyesha dalili yoyote ya kifafa. Walipopimwa umeme wa ubongo, asilimia 8 yao walikutwa wamo ndani ya kifafa. Wala hapana haja ya kwenda Marekani. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwahusu watoto ambao malaria iliwapanda kichwani. Baadhi yao walikuwa na degedege lisiloonekana ila kwa shida kubwa. Mtu aliyekaa kando ya kitanda angeweza kudhani mtoto ametulia, kumbe ubongo wake haukuwa na raha.

Kipimo cha kwanza cha kuufichua ugonjwa huu ni kile cha umeme wa ubongo, yaani EEG, kilichotangazwa mwaka 1929 na Mjerumani Hans Berger. Hata leo hakuna kilicholingana nacho. Lakini nacho kina mahali pa shaka. Mawimbi makali yanayopiga zaidi ya mara mbili na nusu kwa sekunde humpa tabibu sababu ya kusema kwamba hiki ni kifafa. Yakipiga polepole zaidi, huenda ni kifafa, na huenda ni alama tu ya ubongo ulioumia. Hapo kosa ni ghali kila upande. Mgonjwa asipotibiwa, ubongo waweza kudhurika. Akitiwa dawa kali za usingizi pasipo haja, pumzi hupungua na msukumo wa damu hushuka.

Katika shaka hiyo ndipo picha ya PET inapoweza kusaidia. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Sehemu ya ubongo iliyoshikwa na kifafa kwa kawaida hula sukari kupita kiasi. Basi mgonjwa hupigwa sindano ya sukari iliyotiwa alama ya florini yenye mnururisho, na mashine huonyesha sukari hiyo imekusanyika wapi. Sindano ya namna hiyo ilitolewa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1976 huko Philadelphia. Mwaka 2016 matabibu wa Boston walieleza jinsi walivyoitumia picha hiyo kwa wagonjwa wenye mawimbi ya shaka. Sehemu inayong'aa humwambia tabibu kwamba huenda moto ungali unawaka. Kifafa kikiwa kimetulia, mara nyingi sehemu hiyo hiyo hufifia.

Hata hivyo, picha hii ni shahidi, si hakimu. Uvimbe na maradhi mengine ya ubongo nayo huweza kung'aa. Tena florini hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hiyo haiwezi kuwekwa ghalani kama kwinini. Sharti itengenezwe karibu na hospitali.

Kwa sababu hiyo hatusemi kila wilaya inunuliwe mashine ya PET. Huo ungekuwa ufahari, si huduma. Twasema mambo yafuate utaratibu wake. Kwanza, kila hospitali ya mkoa iwe na kipimo cha EEG, mtu aliyefundishwa kukisoma, na dawa za kifafa zisizokatika. Pili, mahali ambapo mashine za PET zimekwisha kuwekwa, kama vile Nairobi, zisiachiwe saratani peke yake. Wagonjwa wa ubongo nao wapewe nafasi. Tatu, bima ya afya isiwe ya kumlipia mwenye cheo na kumwacha mpagazi.

Lakini liko jambo lisilongoja fedha. Mfanyakazi aliyeduwaa ghafla kazini, akapapasa nguo zake na kusema ovyo, asihukumiwe kuwa mlevi, wala asifukuzwe, wala asipelekwe kupungwa mashetani. Mwaka 2015 mabingwa wa kifafa wa dunia walikubaliana kwamba kifafa cha kupotewa na fahamu bila kutikisika kikipita dakika 10 ni jambo la kutibiwa kwa haraka. Msimamizi wa kiwanda ajue hivyo, na katibu wa tawi ajue hivyo.

Tumezoea kumkimbilia anayepiga kelele. Ugonjwa huu watutaka tumtazame pia aliyenyamaza, kwani si kila kimya ni nafuu.