Tusiwasahau Mama Waliotumika Vitani



Tarehe 4 Septemba 2023 alifariki huko Kenya Mama Muthoni wa Kirima, mwenye umri wa miaka 92. Sisi wa Goma tuko mbali na Nyeri alikokuwa akikaa, wala hakuwa mtu wa nchi yetu. Hata hivyo twaona yafaa kumkumbuka katika gazeti hili, kwa kuwa maisha yake yanatuuliza swali ambalo sisi wenyewe hatujalijibu.

Serikali ya Waingereza ilipotangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, Muthoni alikuwa bado kijana. Mumewe aliingia msituni kupigana pamoja na Mau Mau. Yeye alianza na kazi ambayo wanawake huachiwa katika kila vita: kuwapelekea wapiganaji chakula na habari. Baadaye naye akaingia msituni, akashika silaha. Dedan Kimathi alimpa jina la Thonjo, yaani ndege mnana, kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kupanga mambo. Alipanda hadi cheo cha Jemadari Mkuu, na katika wanawake wote wa Mau Mau ni yeye peke yake aliyekifikia. Kimathi alinyongwa mwezi wa Februari 1957, lakini Mama huyu hakutoka msituni mpaka uhuru ulipopatikana Desemba 1963. Humo msituni mimba yake iliharibika, na hakupata mtoto tena. Akawa akisema kwamba Kenya ndiyo mwanawe.

Na huyo mwana alimtunzaje mamaye? Bendera ilipandishwa, wakubwa wakagawana mashamba, lakini sheria ya wakoloni iliyopiga marufuku Mau Mau haikufutwa mpaka mwaka 2003. Kwa miaka 40 nchi ilikuwa huru, na waliopigania uhuru huo walihesabiwa kwa sheria kuwa wahalifu! Nywele alizozifuga tangu msituni Mama Muthoni hakuzikata mpaka Aprili 2022. Kila aliyeziona alikumbushwa deni.

Sasa tujitazame sisi wa Kivu. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, Force Publique, lilitoka huku kwetu likavuka mpaka kupigana na Wadachi, likafika Tabora na kuutwaa mji tarehe 19 Septemba. Vitabu vyao vimeandika majina ya makoloneli. Wapagazi wetu waliandikwa kwa hesabu tu, kama mizigo waliyoibeba. Na wanawake waliofuatana na askari, wakipika na kuuguza njiani, nani aliandika majina yao? Wamekufa wote, na hatuna wa kumwuliza.

Lakini mama wa vita vya siku zetu tunao bado. Tangu miaka ya 1990 mji wetu haukupumzika, na tangu hapo mama zetu wamefunga vidonda, wamepokea wakimbizi nyumbani, wamechota maji ziwani wakati risasi zinalia. Mwezi wa Novemba 2012 walikuwapo, na Januari 2025 walikuwapo pia. Leo wamezeeka. Wako Birere, wako Majengo, wako Ndosho. Tunapita mbele ya milango yao kila siku, na wengine wetu hata hatuwaamkii.

Wako watakaosema kwamba aliyepika hakupigana. Tunawajibu: askari mwenye njaa atapiga hatua ngapi? Majeruhi asiyefungwa kidonda ataishi mpaka lini? Jemadari Mkuu Muthoni mwenyewe alianza kwa kubeba chakula.

Hatuombi sanamu ya shaba. Tunaomba mambo ambayo watu maskini wanaweza kuyatenda. Kila kijana aende kwa bibi yake na daftari, aandike jina lake, mahali alipokuwa, na kazi aliyoifanya wakati wa vita. Kila avenue iwajue wazee wake wanawake, na mama mgonjwa asikose dawa huku majirani wanashona sare za mazishi yake. Na wenye madaraka, wawe ni nani, wajue ya kuwa heshima inayomfikia mtu kaburini haimshibishi.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Sisi si punda. Tuwashukuru wangali wanasikia.