Chuma Hakipandi Kilima Peke Yake

Wako vijana katika Thika na Ruiru wanaoamini kwamba ustadi huuzwa dukani. Kijana wa namna hii akishindwa kupanda kilima kwa baiskeli yake ya milimani, huilaumu gia. Akianguka katika mteremko, huilaumu springi ya mbele. Akiachwa nyuma na wenzake, huulaumu uzito wa fremu. Kila kitu katika baiskeli kina hatia isipokuwa yule aliyeikalia. Kisha humwendea mzazi kuomba fedha za kununua kifaa kipya, na mzazi ambaye bado anahangaika na karo hutwikwa mzigo wa pili. Imani hii ni ya uongo, nayo yapasa kupingwa.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chukua mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 60 na baiskeli yenye uzito wa kilo 14. Jumla ni kilo 74. Akinunua vifaa vyepesi hata akapunguza kilo nzima, amepunguza sehemu moja tu katika sehemu 74 za mzigo anaoupandisha. Kilima kikali alichokuwa akikipanda kwa dakika 10 atakipanda sasa kwa muda pungufu wa sekunde 8 hivi. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiacha kukurupuka chini ya kilima, akabadili gia kabla mwinuko haujamkaba, na akapanda kwa pumzi yenye kipimo, hatalazimika kushuka katikati na kuikokota baiskeli huku akihema. Kule kukokota humpotezea dakika nzima nzima, na dawa yake haigharimu hata shilingi moja.

Ama katika kushuka, wahenga walikwisha kutuonya: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Fikiri njia za udongo mwekundu katika mashamba ya kahawa yaliyosalia Ruiru, mvua ikiisha kunyesha. Mwenye hofu hulikodolea macho jiwe analoliogopa, na baiskeli humpeleka papo hapo penye jiwe, kwa kuwa mwili hufuata macho na gurudumu hufuata mwili. Mwenye akili iliyotulia huutazama upenyo anaotaka kuupita, husogeza uzito wake nyuma, huziweka pedali sawa, tena hupunguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona. Hakuna springi iwezayo kumchagulia mtu mahali pa kutazama.

Najua mpinzani atasema: mbona mabingwa hupanda baiskeli za thamani kubwa? Naam, huzipanda. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini walioshindana naye walikuwa na baiskeli za thamani kubwa vilevile, na baiskeli hizo hazikuwapa ushindi. Tena Froome alijifunza mchezo huu akiwa kijana kwa David Kinjah wa Kikuyu, katika Kaunti hii hii ya Kiambu zilimo Thika na Ruiru. Na kwa Kinjah vijana hufunzwa kuitengeneza baiskeli pamoja na kuipanda.

Mfano wa pili ni Graeme Obree wa Scotland. Mwaka 1993 alikwenda Hamar, nchini Norway, kujaribu kuvunja rekodi ya umbali wa saa moja. Alikuwa na baiskeli aliyoiunda kwa mikono yake, ambayo ndani yake alitia beringi za mashine ya kufulia nguo. Siku ya kwanza alipanda baiskeli mpya iliyotengenezwa kwa kuiga ile yake, akashindwa. Kesho yake, mwili ungali na uchovu, aliirudia ile kuukuu, akaenda kilomita 51.596 na kuivunja rekodi ambayo Francesco Moser aliiweka mwaka 1984. Obree hakuvidharau vyombo. Alikijua chombo chake kama ajuavyo kiganja cha mkono wake, wala kushindwa kwa jana hakukumvunja moyo.

Hata hivyo, asitokee mtu akanielewa vibaya. Breki iliyolika si jambo la moyo. Ujasiri hausimamishi baiskeli mbele ya lori katika barabara kuu ya Thika. Tairi lenye kipara, mnyororo uliolegea na breki isiyoshika vitengenezwe leo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kutengeneza kilichoharibika ni wajibu. Kubadili kilicho kizima kwa sababu ya aibu au wivu ni upuuzi.

Basi, msomaji kijana, kabla ya kumwomba mzazi wako fedha, jiulize: ni kilima kipi kinachonishinda, nimekipanda mara ngapi, na ni kifaa gani hasa kinachonizuia? Ukiweza kujibu kwa maneno yaliyo wazi, huenda ombi lako ni la haki. Usipoweza, rudi kilimani. Kwa maana anayezoea leo kukitia chuma hatiani, kesho atakitia hatiani kitabu, kesho kutwa mwalimu, na mwisho dunia nzima, naye mwenyewe atabaki pale pale chini ya kilima.