Barabara ya Modogashe Iingie Darasani

Askari anayesimamisha basi kwenye barabara ya Modogashe, kaskazini mashariki mwa Kenya, ana dakika chache tu za kuamua nani ashushwe na nani aachwe kitini. Kinachomwongoza mara nyingi ni sura, mavazi, lafudhi na jina lililo kwenye kitambulisho. Hiyo ndiyo dhana fiche: hukumu inayoitangulia fikra, nayo humpata hata asiyemchukia mtu. Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha taaluma ya jinai, Egerton na Masinde Muliro vikiwamo, vinawaandaa wapelelezi na maafisa wa magereza wa kesho. Wanafunzi hao wafundishwe dhana hizi kupitia historia ya Kaskazini Mashariki, na zaidi ya yote wafundishwe kuzipima.

Mwaka 2002 Joshua Correll na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa mchezo wa kompyuta, kwamba washiriki walikuwa wepesi kumfyatulia risasi mtu mweusi asiye na silaha kuliko mweupe. Ni utafiti wa maana, lakini ukiachwa peke yake mwanafunzi wa Kenya atadhani ugonjwa huu ni wa Wamarekani. Mwaka 1989 serikali yetu iliwahakiki upya Wakenya Wasomali na kuwapa kadi ya rangi ya waridi ambayo kabila jingine halikutakiwa kuwa nayo. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wao Eastleigh, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa kituo cha kuwazuilia. Vijana wa kaunti za mpakani nao walipigwa msasa wa ziada kabla ya kupata kitambulisho, hadi rais alipoufuta utaratibu huo Februari 2025. Dola yenyewe imeigongea dhana hii muhuri kwa miongo mingi, na askari kijana huirithi pamoja na sare.

Watakaopinga watataja Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa na magaidi wa Al-Shabaab katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Tishio la Al-Shabaab ni la kweli, na wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera wamezika wapendwa wao kwa sababu yake. Lakini shambulio lile lilitokea mwaka mmoja baada ya msako wa Usalama Watch. Tena mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera, na baba yake alikuwa amekwisha kuiarifu serikali kwamba kijana ametoweka. Habari ilitoka ndani ya jamii ileile inayoshukiwa kwa jumla. Ukiidhalilisha jamii hiyo barabarani, unaufunga mlango ambao habari hupitia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Utafiti wa Calvin Lai na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulijaribu mbinu tisa za kupunguza dhana fiche, na athari zake zilififia baada ya saa au siku chache. Kwa hiyo semina ya asubuhi moja, yenye hotuba na cheti, haifai kitu. Hapo wapinzani wamesema kweli. Kinachofaa ni muhula mzima wa hesabu: kati ya abiria walioshushwa, wangapi walipatikana na kosa, na je, kiwango hicho ni sawa kwa Msomali, Mborana na Mkikuyu? Ikiwa wanaoshushwa zaidi ndio wanaopatikana na hatia kwa uchache zaidi, basi jicho la askari linakosea, na Kifungu cha 27 cha Katiba kinachokataza ubaguzi wa kikabila kinavunjwa. Hesabu hiyo inahitaji kumbukumbu za kila kizuizi, na Huduma ya Taifa ya Polisi ndiyo yenye uwezo wa kuziweka na kuwafungulia watafiti.