Tusiuamini Ubao wa Maji Peke Yake

Wengi wetu tuliokulia chini ya milima ya Rwenzori twajua jinsi mto Nyamwamba ulivyoingia Kilembe na Kasese tarehe 1 Mei, 2013. Maji yalishuka na mawe makubwa, yakabomoa nyumba na madaraja, na wagonjwa wa hospitali ya Kilembe ikabidi wahamishwe. Mwezi wa Mei, 2020, mto ukarudi, ukaiharibu hospitali ile ile. Basi watu wauliza: daraja liinuliwe kiasi gani, na nyumba ikae mbali kiasi gani na mto? Jawabu la kawaida ni kufungua daftari la vipimo. Mimi nasema daftari ni lazima, lakini kwa mito ya milimani halitoshi, na mwenye kulitegemea peke yake atajenga mahali pabaya.

Tazameni daftari hilo linavyopatikana. Mtoni husimamishwa ubao wenye alama za sentimeta, na msomaji wake huutazama asubuhi na jioni. Kwa mto mpana wa bondeni, upandao kwa siku kadha wa kadha, hiyo yafaa. Lakini kijito cha mlimani aghalabu hupanda usiku wa manane na kushuka kabla jogoo hajawika. Asubuhi msomaji huandika kimo cha maji yaliyokwisha tulia, kana kwamba hapakuwa na jambo. (Na mafuriko makubwa hasa huuchukua ubao wenyewe.) Tena ubao hupima kimo, si wingi. Ili kuujua wingi, hapana budi mtu aingie mtoni na chombo cha kupimia mwendo wa maji, auzidishe mwendo kwa eneo la maji, kisha achore mstari wa kulinganisha kimo na wingi. Nani ataingia mawe yakibingirika? Kwa hiyo mstari hupimwa wakati wa maji madogo, na sehemu yake ya juu huchorwa kwa kukisia. Nayo ndiyo tunayoihitaji.

Halafu huja hesabu. Huchukuliwa kilele cha kila mwaka, na vilele hupangwa kutoka kikubwa hadi kidogo. Ikiwa miaka ni 20, kilele kikubwa kuliko vyote huhesabiwa kuwa hurudi mara moja katika miaka 21. Mstari ukirefushwa, hupatikana “mafuriko ya miaka 100”. Jina hili huwadanganya wengi. Maana yake ni kwamba kila mwaka upo uwezekano wa moja katika mia, hata mwaka ufuatao. Na katika miaka 30 uwezekano huo ni zaidi kidogo ya robo.

Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, mto Big Thompson ulikuwa umepimwa miaka mingi. Usiku wa tarehe 31 Julai, 1976, ulishusha kama meta za ujazo 880 kwa sekunde kwenye mlango wa korongo, wingi usio na mfano katika daftari lake, na watu zaidi ya 140 wakafa. Wingi kama huo hukadiriwa baada ya maji kupita: hutafutwa alama za matope na takataka kingoni, hupimwa mteremko na upana, kisha hutumiwa kanuni iliyotolewa na mhandisi Robert Manning wa Ireland mwaka 1889. Kazi hiyo yataka uangalifu, maana mpimaji akiuona mto wenye mawe kuwa laini kuliko ulivyo, jawabu lake litazidi mno.

Wako watakaosema kwamba alama za matope na maneno ya wazee si elimu. Sikubali. Mzee akionyesha mti uliofikiwa na maji utotoni mwake, hicho ni kipimo kisichomo katika daftari lo lote. Nashauri basi wanafunzi, maji yakisha pungua na hatari kupita, waende na mwalimu wao wakatie alama kwenye nguzo za daraja na miamba, ndani ya siku mbili tatu, kabla mvua haijaosha matope. Rangi ya mafuta ni bora kuliko chokaa, na tarehe iandikwe pamoja na mwaka.

Mwanafunzi wa Zamani